Mawimbi yakifutana nishati inaenda wapi? Mwongozo kamili wa kujionea mwenyewe kwa kamba, spika, leza na sabuni

Kuna jambo moja kwenye fizikia ambalo wengi wetu tulilimeza shuleni bila kulitafuna, kwamba sauti ukiiongezea sauti nyingine unaweza kupata kimya, na mwanga ukiuongezea mwanga unaweza kupata giza. Unachora vilele na mabonde kwenye daftari, unajibu mtihani, basi. Lakini ukikaa ukafikiria linaanza kusumbua, manake kila wimbi limebeba nishati, sasa mawili yakikutana yakafutana ile nishati yote imeenda wapi? Hilo swali lilinikaa kichwani muda mrefu sana na jibu sikulipata kwa kusoma, nililipata nikiwa nimeshika kamba, na baadaye spika, ndo maana nataka uvifanye hivi vitu kwa mikono yako.

Utahitaji kamba laini ya mita 4 au 5, kompyuta yenye Audacity (programu ya bure ya kutengeneza na kuhariri sauti), spika mbili zenye waya za kufungua na kufunga, tepu ya kupimia, simu, kalamu ya leza, unywele mmoja na sabuni ya maji. Kama huna vyote fanya unavyoweza, ila ya kamba usiiruke.

Maneno kwanza, haraka haraka

Wimbi lina kilele na bonde. Kutoka kilele kimoja mpaka kinachofuata ndo urefu wa wimbi. Frikwensi ni mara ngapi linajirudia kwa sekunde, tunahesabu kwa hetzi. Fezi ni wimbi limefikia wapi kwenye mzunguko wake, tunapima kwa digrii kama duara, mzunguko mzima 360, kwa hiyo moja likiwa kileleni wakati mwenzake yuko bondeni yamepishana digrii 180. Sauti kwenye hewa ya kawaida, joto la nyuzi 20 hivi, inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, ukigawa hiyo kwa frikwensi unapata urefu wa wimbi. Iweke kichwani hiyo 343, tutaitumia sana.

Na kanuni ni moja tu: mawimbi mawili yakiwa sehemu moja kwa wakati mmoja, unajumlisha. Kilele na kilele unapata kilele kirefu zaidi, kilele na bonde vinavyolingana unapata sifuri. Hayagongani kama magari wala moja haliui jingine, yanapita katikati ya mwenzake na kila moja linaendelea na safari yake kama vile halikukutana na mtu.

Hatua ya 1: kamba sakafuni

Funga ncha moja ya kamba kwenye kitu kisichotikisika, mguu wa kitanda kizito unafaa, ilaze kamba kwenye sakafu laini, ivute ikaze kiasi. Sasa piga mkono mara moja kushoto na kurudi, haraka. Utaona nundu moja inakimbia kuelekea mwisho. Iangalie vizuri inavyorudi: ilienda ikiwa upande wa kushoto, inarudi ikiwa upande wa kulia. Imegeuka. Ncha iliyofungwa hairuhusiwi kusogea, kwa hiyo inairudisha nundu kinyume. Hili la kugeuka usilisahau manake litarudi kule mwisho kwenye sabuni.

Umeshapata njia rahisi ya kutengeneza mawimbi mawili yanayopingana. Tuma nundu ya kwanza, na pale inapogeuka kurudi tuma ya pili inayofanana nayo, zitakutana njiani, moja kushoto moja kulia. Weka simu juu irekodi kwa slo mosheni. Itabidi urudie mara kumi au ishirini mpaka upate mkutano mzuri na nundu zenye ukubwa unaokaribiana, usichoke.

Alafu fungua video upeleke picha moja moja. Kuna picha utaikuta kamba imenyooka, au karibu kunyooka, nundu zote mbili hazipo. Picha inayofuata zipo tena, kila moja inaendelea na njia yake. Sasa jiulize, kamba ilijuaje kwamba inatakiwa itoe nundu mbili kutoka kwenye mstari ulionyooka? Rudi kwenye ile picha uikuze. Katikati kabisa pale zilipokutana kamba imetulia na inaonekana kali, lakini pembeni yake, huku na huku, imefifia, ina ukungu. Ule ukungu ni mwendo! Kamba imenyooka lakini inakimbia, upande mmoja unaelekea kushoto na mwingine kulia. Kwenye hiyo sekunde ndogo umbo limefutana lakini mwendo umejumlishana, umekuwa mara mbili ya ule wa nundu moja. Nishati yote ilihama kutoka kwenye kukunjika kwa kamba ikaingia kwenye kukimbia kwake, haijapotea hata chembe, ukiacha ile kidogo inayoliwa na msuguano wa sakafu.

Siku niliyouona huo ukungu nilirudia video ile ile labda mara thelathini. Kwa hiyo tangu hapo kila nikiona mahali mawimbi yamefutana, naanza kutafuta nishati imehamia wapi, na mpaka sasa sijawahi kuikosa.

Hatua ya 2: hesabu safi kwenye kompyuta

Fungua Audacity, nenda kwenye menyu ya Generate chagua Tone, weka hetzi 440, ukubwa 0.4, sekunde 10. Irudufu hiyo treki uwe na mbili zinazofanana kabisa. Cheza, utasikia sauti imepanda kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukilinganisha na moja peke yake. Sasa chagua treki moja tu, nenda Effect, tafuta Invert, bonyeza. Cheza tena. Kimya kabisa. Cheza moja moja, zote zina sauti. Pamoja, hakuna kitu.

(Hapa swali la nishati halipo, hizi ni namba tu zimejumlishwa ndani ya kompyuta kabla hazijafika kwenye spika, hewa haijaguswa.)

Faida kubwa ya hatua hii ni kuona kufutana kulivyo kugumu. Punguza ukubwa wa treki moja kwa 10% tu, inabaki 10% ya sauti, yaani imeshuka desibeli 20, sio kimya tena. Fezi ndo mbaya zaidi. Ikikosea digrii 10 kutoka kwenye ile 180 unabaki na 17% hivi. Ikikosea digrii 60 unabaki na ukubwa ule ule wa wimbi moja, hujafuta chochote, na ikizidi hapo unaongeza kelele badala ya kuipunguza. Namba hizi zinaeleza karibu kila tatizo utakalokutana nalo huko mbele.

Hatua ya 3: kutafuta sehemu ya kimya kati ya spika mbili

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Nenda sehemu ya wazi nje, mbali na kuta, manake ndani sauti inarudi kutoka kila upande na itakuharibia. Weka spika mbili zikiwa zimeachana mita 1 katikati kwa katikati, kimo cha masikio, zote zinaangalia mbele, zote zinacheza sauti ile ile ya mono. Tengeneza toni ya hetzi 686. Kwa nini 686? Kwa sababu 343 kugawa kwa 686 ni nusu mita kamili, urefu wa wimbi sentimita 50, hesabu inakuwa nyepesi. Sauti iwe ya wastani tu, toni moja ikiwa juu inachosha masikio haraka.

Pima mita 3 kwenda mbele kutoka katikati ya spika, weka alama. Hapo uko sawasawa na spika zote mbili, mawimbi yanafika pamoja, kilele na kilele. Ziba sikio moja (masikio mawili yako sehemu mbili tofauti na kila moja linasikia kivyake, yatakuchanganya), alafu anza kusogea pembeni taratibu kabisa, hatua ndogo ndogo, ukiwa bado kwenye ule mstari wa mita 3. Ukifika kama sentimita 78 kutoka kwenye alama, sauti inazama. Hapo spika ya karibu iko mita 3.01 na ya mbali mita 3.26, tofauti sentimita 25, nusu ya wimbi, kwa hiyo kilele cha moja kinafika pamoja na bonde la nyingine. Sogeza kichwa mbele nyuma mpaka upate penye kimya zaidi.

Haitakuwa sifuri. Spika ya mbali inafika ikiwa dhaifu kidogo, kama 8% chini ya ya karibu, na hiyo 8% ndo unayobaki nayo, pamoja na sauti inayodunda kutoka ardhini.

Sasa simama hapo hapo, usisogee, mwambie mtu azime spika moja. Sauti inapanda. Soma tena hapo, umeondoa chanzo kimoja cha sauti na sauti imeongezeka. Aiwashe, inazama tena. Nimewafanyia watu hili wengi na kila mmoja anaomba lirudiwe, hata wanaojua hesabu yake, manake kulijua ni kitu kimoja na sikio lako kulisikia ni kitu kingine kabisa.

Na nishati? Rudi pale katikati kwenye alama. Pale ukubwa wa wimbi ni mara mbili ya spika moja, na nguvu ya sauti inakwenda kwa mraba wa ukubwa, kwa hiyo ni mara nne, sio mara mbili. Spika mbili zingetakiwa kukupa mbili, pale zinakupa nne na hapa pembeni zinakupa karibu sifuri. Nne na sifuri, ukigawanya sawa ni mbili na mbili. Ile sauti uliyoikosa sentimita 78 pembeni iko pale katikati, imehamishwa tu.

Hatua ya 4: geuza waya

Zima amplifaya, kwenye spika moja tu badilisha waya, wa nyekundu uende kwenye nyeusi na wa nyeusi kwenye nyekundu. Washa urudi kwenye ile alama ya katikati. Penye sauti kubwa kuliko zote pamekuwa pa kimya, na pale palipokuwa pa kimya sasa panapiga kelele. Ramani yote imegeuka.

Alafu zisogeze spika ziwe karibu karibu, sentimita 30 hivi, cheza toni ya hetzi 60, au muziki wowote wenye besi nzito. Besi imekufa, na hapa hakuna mahali pa kuhamia, zunguka pande zote hutaipata. Hii iliniumiza kichwa kweli. Wimbi la hetzi 60 lina urefu wa karibu mita 5.7, spika zilizoachana sentimita 30 kwake ni kama kitu kimoja, hakuna upande ambao zitapishana nusu wimbi, kwa hiyo zinapingana kila mahali. Jibu ni kwamba spika moja inaposukuma hewa mwenzake anaivuta, hewa inacheza tu kutoka koni hii (ile sehemu ya spika inayotikisika) kwenda ile bila kubanwa, na hewa isiyobanwa haisukumi koni kurudi, kwa hiyo koni haifanyi kazi yoyote ya maana. Besi haikutoka kabisa tangu mwanzo. Umeme unaoingia unaishia kuwa joto kwenye koili ya spika.

Hili lina faida ya moja kwa moja. Kama muziki wako unasikika mwembamba na sauti ya mwimbaji haikai katikati, kabla hujalaumu amplifaya angalia waya. Mimi nilikaa miezi na spika zangu hivyo, nikafungua amplifaya nzima nikabadilisha na vipuri, kumbe waya mmoja ulikuwa umefungwa kinyume. Kama alama zimefutika, chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha upande wa chanya kwenye terminali moja na hasi kwenye nyingine kwa sekunde moja tu, uangalie koni ya besi. Spika nyingi koni ikitoka nje basi terminali iliyogusana na chanya ndo nyekundu. Tia alama zote, zifunge sawa.

Hatua ya 5: hedifoni za kuzuia kelele, na kwa nini zinashindwa na maneno ya watu

Wazo lake sio jipya, Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza Marekani mwaka 1934 na akaipata 1936, akieleza kunasa sauti kwa maiki na kuipigia sauti ya kinyume kwa spika. Hedifoni za leo zinafanya hivyo hivyo ndani ya kikombe kidogo kinachofunika sikio.

Ukivaa utaona ngurumo ya injini inaondoka vizuri lakini mtu akiongea unamsikia. Turudi kwenye namba za hatua ya 2. Chukulia saketi inachelewa kwa 0.1 ya milisekunde tu. Kwa ngurumo ya hetzi 100 huo ucheleweshaji ni digrii 3.6, inabaki 6% ya kelele, safi sana. Kwa hetzi 1000 ni digrii 36, inabaki 62%, huna ulichofanya. Kwa hetzi 2000 ni digrii 72, tayari unaongeza kelele! Ndo maana watengenezaji wanaiachia saketi sauti za chini tu, za juu zinazuiwa na ule mto wa pembeni kwa kuziba tu. Kwa hiyo kama hedifoni zako zimeanza kuvujisha kelele, angalia kwanza mito kama imepasuka au imelala, na kama umevaa miwani angalia fremu yake inaacha mwanya kiasi gani.

Watu wanauliza pia, kwa nini nisiweke spika moja chumbani ifute kelele ya chumba kizima? Kwa sababu ya ramani ya hatua ya 3. Ukifuta hapa unaongeza pale. Eneo la kimya unalopata kuzunguka sehemu moja lina upana wa kama sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi, kwa hetzi 1000 hiyo ni sentimita 3.4, ukigeuza shingo umeshatoka.

Hatua ya 6: mwanga kwa unywele mmoja

Mwaka 1803 Thomas Young aliisomea Royal Society ya London (chama cha wanasayansi) majaribio yake, alichukua mwali mwembamba wa jua akauweka kipande cha kadi katikati, chembamba chini ya milimita moja, mwanga ukapita pande zote mbili za kadi na nyuma yake kukatokea mistari ya mwanga na giza. Alipoziba mwanga wa upande mmoja mistari ikapotea, ingawa upande wa pili ulikuwa bado unapita. Ni ile ile ya kuzima spika moja.

Wewe una leza, kazi ni nyepesi zaidi. Tumia yenye nguvu chini ya miliwati 1, usiielekeze kwenye jicho la mtu wala kwenye kioo. Bandika unywele ukatize katikati ya tundu inapotokea leza, elekeza kwenye ukuta mweupe mita 2 mbele, zima taa. Badala ya doa moja utaona mstari wa madoa yaliyotengwa na giza. Pima kutoka giza moja hadi giza linalofuata upande ule ule (usipime kupitia doa kubwa la katikati, lile lina upana mara mbili). Pima nafasi tano ugawe kwa tano ili kosa lipungue.

Unene wa unywele ni urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa nafasi. Leza nyekundu ya nanomita 650 ni milimita 0.00065, mara 2000 ni 1.3, ukigawa kwa nafasi ya milimita 18.6 unapata 0.07. Milimita 0.07, umepima unywele kwa tepu ya kupimia! Urefu wa wimbi wa leza yako umeandikwa kwenye lebo.

Hatua ya 7: sabuni inayogeuka nyeusi

Changanya maji na sabuni ya maji, chovya mdomo wa kikombe, kisimamishe kwa upande ili ule utando wa sabuni uwe wima, nyuma yake kuwe na giza na taa ikitokea upande wako. Subiri. Maji yanashuka, juu panazidi kuwa pembamba, mistari ya rangi inateremka. Kila rangi unayoikosa mahali fulani ni wimbi lililofutwa, manake mwanga unaodunda mbele ya utando na ule unaodunda nyuma yake vinapishana kwa safari ya kwenda na kurudi ndani ya utando, yaani unene wake mara mbili.

Juu kabisa patakuwa peusi, na hapo ndo ile kamba inarudi. Mwanga unaodunda mbele, ukitoka hewani kuingia majini, unageuka kama nundu iliyogonga ncha iliyofungwa, ule wa nyuma haugeuki. Utando ukishakuwa mwembamba sana kuliko wimbi lenyewe, tofauti ya safari inakuwa karibu sifuri, inabaki ile ya kugeuka peke yake, digrii 180 kwa rangi zote kwa pamoja. Hakuna rangi inayorudi kwako. Mwanga wote umepita upande wa pili. Miwani na lenzi za kamera zinapakwa utando wa kazi hiyo hiyo, robo ya wimbi, karibu nanomita 100 ikiwa ni magnesiamu floraidi, na ile karibu 4% ya mwanga ambayo kila uso wa kioo kitupu ungeirudisha, sehemu kubwa yake inaingia ndani ya lenzi.

Ukiona weusi umeanza kushuka kutoka juu, piga picha haraka, una sekunde chache kabla utando haujapasuka.